Kirusi kisichotaka kutoka kwenye kompyuta ya nyumbani: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya ni ya watu wenye kompyuta moja nyumbani. Baba anaandikia barua za kazi, watoto wanasomea na kuchezea, na mgeni akija na flashi yake naye anachomeka. Wengi wameshajaribu kufuta kirusi wenyewe, wengine wameshamlipa fundi, lakini kirusi kimerudi. Majibu yamelenga Windows 10 na Windows 11. Jambo moja utalikuta karibu kila jibu: kirusi kinachorudi kina mahali kinapotokea, na usipopajua mahali hapo utafuta leo na kesho utafuta tena.

Nitajuaje kama ni kirusi kweli, au kompyuta imechoka tu?

Uzito peke yake si ushahidi. Laptopu yenye diski ya kuzunguka na RAM ya GB 4 itakuwa nzito kwenye Windows 11 hata kama ni safi kabisa. Nimeona watu wakipoteza picha za harusi kwa kufomatiwa kompyuta ambayo shida yake ilikuwa diski inayokufa.

Dalili zinazostahili kukutia wasiwasi ni hizi: Windows Security (ulinzi unaokuja na Windows yenyewe) imezimika na inakataa kuwashwa, folda za kwenye flashi zimegeuka shotikati, kivinjari kinafungulia ukurasa ambao hukuuchagua, na ukiubadilisha unarudi, tovuti zote zinafunguka isipokuwa za kampuni za antivirasi, au marafiki wanapokea kutoka kwako ujumbe ambao hukuutuma. Ukiona moja ya hizo, endelea kusoma.

Kila baada ya dakika chache kunatokea tangazo pembeni ya skrini linasema kompyuta yangu ina virusi vingi. Nifanyeje?

Mara nyingi hicho si kirusi. Kuna tovuti, hasa za filamu na mpira wa bure, zinazokuomba ubonyeze "Allow" ndipo video icheze. Ukibonyeza, umeipa tovuti hiyo ruhusa ya kukutumia taarifa wakati wowote, na ruhusa hiyo haiondolewi na antivirasi kwa sababu umeitoa mwenyewe.

Kwenye Chrome nenda "Settings", halafu "Privacy and security", "Site settings", kisha "Notifications". Ondoa kila tovuti usiyoijua iliyoruhusiwa. Halafu pitia viendelezi vya kivinjari na ufute usivyovitambua. Ukikuta kiendelezi hakifutiki, na Chrome inasema inasimamiwa na shirika ilhali kompyuta ni yako binafsi, andika chrome://policy kwenye upau wa anwani. Orodha ya amri zilizowekwa humo itakuonyesha kwamba kuna programu ndani ya Windows inayokishikilia kivinjari. Hapo tatizo limehama kutoka kwenye kivinjari, na AdwCleaner, programu ya bure ya Malwarebytes, ni mahali pazuri pa kuanzia.

Ukikuta kiendelezi kinarudi baada ya kukifuta, angalia usawazishaji wa akaunti ya Google. Kikibaki kwenye kompyuta nyingine inayotumia akaunti hiyo hiyo, kitaletwa tena na Google yenyewe.

Flashi yangu imejaa shotikati na kazi zangu hazionekani. Zimepotea?

Hapana, na tafadhali usiifomati flashi hiyo. Kazi zako karibu kila mara bado zimo. Kirusi kimezificha kwa kuzipa alama ya "faili la mfumo lililofichwa", kisha kikatengeneza shotikati yenye jina lile lile na picha ile ile ya folda. Ukibofya shotikati, mambo mawili yanatokea kwa pamoja: kirusi kinaanza kufanya kazi, na folda yako halisi inafunguka. Kwa kuwa umeona kazi yako, hushtuki.

Ujanja huu una historia. Kirusi cha Conficker kilichoenea kuanzia 2008 kilitegemea pia tabia ya Windows kuendesha yenyewe kilichomo kwenye flashi pindi ikichomekwa. Mwaka 2011 Microsoft ilisambaza sasisho la kuzima tabia hiyo kwenye matoleo ya zamani. Tangu hapo kirusi cha flashi kwa kawaida kinahitaji mkono wako, na shotikati ndiyo njia ya kuupata mkono huo. Familia kubwa zilizotumia ujanja huu, Jenxcus na Gamarue, zilishambuliwa na wenye mamlaka: Microsoft ilikwenda mahakamani dhidi ya Jenxcus mwaka 2014, na mtandao wa Gamarue, unaojulikana pia kwa jina la Andromeda, ukavunjwa Novemba 2017 na Europol, FBI na washirika wao. Seva zikazimwa. Flashi zilizoambukizwa zikabaki kwenye mikoba ya watu, na nyingine bado zinazunguka.

Kwetu kituo chao kikubwa ni steshenari. Fikiria kompyuta moja yenye Windows 7, ambayo Microsoft iliacha kuilinda Januari 14, 2020, inapokea flashi za wanafunzi, walimu na watu wa CV siku nzima. Mwenye duka hana nia mbaya. Anachapa, anadurufu, anahudumia foleni.

Utaratibu wa kutibu una mpangilio, na mpangilio ndio wenye thamani. Anza na kompyuta, si flashi. Ukisafisha flashi ndani ya kompyuta yenye kirusi, itaambukizwa tena kabla hujaichomoa. Kwa hiyo chomoa flashi zote, tibu kompyuta kwa njia iliyoelezwa kwenye jibu linalofuata, halafu kusanya kila flashi, memori kadi na diski ya nje iliyomo nyumbani. Zote, hata ile ya nyimbo za kwenye gari.

Chomeka moja moja, usibofye chochote ndani yake, iskani kwanza kwa antivirasi. Kisha bonyeza kitufe cha Windows, andika cmd, bonyeza Enter, na uandike amri hii, ukibadilisha E kuwa herufi ya flashi yako:

attrib -h -r -s /s /d E:\*.*

Subiri imalize. Folda zako zitaonekana tena. Wakati mwingine zote zimetupwa ndani ya folda moja isiyo na jina; ifungue utazikuta. Zikishaonekana, futa shotikati kwa amri hii:

del E:\*.lnk

Halafu tafuta faili zenye mwisho wa .vbs, .js au .exe ambazo hukuziweka wewe, uzifute pia. Kama huoni miisho ya majina, iwashe kwenye File Explorer: "View", "Show", "File name extensions". Folda iitwayo System Volume Information iache, ni ya Windows.

Baadaye, ukienda kuchapa, tuma kazi kwa barua pepe au WhatsApp badala ya kubeba flashi. Kama lazima ubebe, tenga flashi moja ya steshenari tu, yenye nakala ya PDF peke yake, na uifomati kila ukirudi bila kufungua kilichomo.

Antivirasi inakiona kirusi, inakifuta, nikiwasha upya kimerudi. Kwa nini?

Kwa sababu unafuta nakala, na kilichoiandika nakala hiyo bado kipo. Kuna mahali panne pa kutazama.

Kwanza, orodha ya misamaha ya antivirasi yenyewe. Fungua Windows Security, "Virus & threat protection", "Manage settings", shuka mpaka "Exclusions". Kwenye kompyuta ya nyumbani orodha hii kwa kawaida huwa tupu. Virusi vingi vya kisasa huandika humo folda yao, au C:\ nzima, ili Defender, antivirasi ya Windows yenyewe, ipite bila kugusa. Nimeshakuta kompyuta iliyoskaniwa na kuambiwa safi, kumbe diski yote imesamehewa. Ukikuta kitu humo ambacho hukukiweka, kiondoe ndipo uskani.

Pili, vitu vinavyojiwasha. Pakua Autoruns kutoka Microsoft, ya bure, iliyoandikwa na Mark Russinovich na wenzake wa Sysinternals. Chagua kuficha vya Microsoft, halafu pitia vilivyobaki. Kitu kinachoendeshwa kutoka folda za AppData\Roaming au Temp, au kinachoita wscript.exe (programu ya Windows inayoendesha faili za .vbs na .js), kinastahili maswali. Usifute haraka, ondoa alama ya tiki kwanza, washa upya, uone. Tiki inarudishika, kilichofutwa ni kazi kukirudisha.

Tatu, kazi zilizopangwa. Autoruns inazo kwenye kichupo cha "Scheduled Tasks". Humu ndimo kirusi hujiwekea zamu: kila baada ya dakika kadhaa angalia kama nimefutwa, na kama nimefutwa nirudishe. Wengi huiacha sehemu hii bila kuitazama.

Nne, kraki. Programu ya kufungua Windows au Office bila leseni, ile ambayo maelekezo yake yanaanza na "zima antivirasi kwanza". Nasema kwa uzito wote: ukishaizima antivirasi kwa ombi la mtu usiyemjua, umempa kompyuta. Kama kraki bado ipo, kazi ya kusafisha haijaanza.

Ukishapita hapo, fanya uskani wa nje ya mtandao. Kwenye Windows Security, "Virus & threat protection", "Scan options", chagua Microsoft Defender Antivirus yenye maneno "offline scan". Hifadhi kazi zako, kompyuta itajizima na kuwaka, na uskani utafanyika kabla Windows yenyewe haijaamka. Huchukua kama dakika 15. Faida yake ni kwamba kirusi kinaskaniwa kikiwa kimelala, hakiwezi kujificha wala kujitetea. Majibu utayakuta kwenye "Protection history".

Kama bado hukiamini, tafuta maoni ya pili: Malwarebytes ya bure, ESET Online Scanner, au Microsoft Safety Scanner. Hiyo ya mwisho huisha muda siku 10 baada ya kuipakua, basi usitunze ya mwaka jana. Kwa kompyuta isiyowaka vizuri kabisa, Kaspersky Rescue Disk huwekwa kwenye flashi kwa kutumia kompyuta safi na kuwashiwa kutoka hapo.

Niweke antivirasi mbili ziongeze nguvu?

Hapana. Mbili zinazolinda muda wote zinagombana na kuilemea kompyuta. Moja ya kulinda, nyingine ya kuskani mara moja moja, inatosha.

Tovuti za antivirasi hazifunguki, lakini YouTube inafunguka.

Kirusi kimefunga njia. Angalia mipangilio ya proksi (kituo cha kati ambacho intaneti yako hupitishiwa) kwenye "Network & internet" na uizime kama hukuiweka wewe. Kisha fungua kwa Notepad faili liitwalo hosts lililomo C:\Windows\System32\drivers\etc. Mistari inayoanza na alama ya # ni maelezo tu. Mstari usio na alama hiyo na wenye jina la kampuni ya antivirasi ndio uliokufungia. Wakati unatengeneza, pakua zana kwenye kompyuta nyingine iliyo safi na uzilete kwa flashi utakayoifomati baadaye.

Fundi amepiga Windows upya na kirusi kimerudi wiki hiyo hiyo. Kirusi kinaweza kuishi baada ya kufomati?

Vipo vinavyoweza. Mwaka 2018 kampuni ya ESET ilieleza kirusi kiitwacho LoJax kilichojichimbia kwenye chipu ya UEFI, yenye programu inayoiamsha kompyuta kabla ya Windows, ambako kufomati diski hakufiki. Lakini hicho kilikuwa kazi ya majasusi dhidi ya serikali. Ni vigumu sana kompyuta ya nyumbani kwako iwe imepata hicho.

Kilichotokea kwako karibu hakika ni kimoja kati ya hivi: fundi alipiga Windows kwenye C na kuiacha D kama ilivyo, na kirusi kilikuwa D. Au nakala ya faili zako ilirudishwa na programu zake za .exe humo humo. Au flashi ya fundi mwenyewe, inayopita kwenye kompyuta za wateja wote, ndiyo iliyoleta. Au Windows aliyoweka ilikuja na kraki ndani. Muulize kwa heshima lakini uulize: Windows hii umeipata wapi? Jibu linalofaa ni kwamba aliipakua kutoka Microsoft kwa Media Creation Tool.

Na hapa pana habari njema wengi hawaijui. Laptopu nyingi zilizokuja na Windows 10 au 11 halali zina leseni iliyofungamana na mashine. Ukiweka upya toleo lile lile na kuunganisha intaneti, inajitambua yenyewe. Kraki ilikuwa haihitajiki.

Basi ni wakati gani nikubali kupiga Windows upya?

Kuna virusi ambavyo havina dawa nyingine ya kuaminika. Sality, kilichoonekana tangu 2003, na Ramnit, cha tangu 2010, hujiandika ndani ya kila faili la .exe kinalolikuta. Antivirasi ikikuletea orodha ya mamia ya programu zilizoambukizwa kwa jina moja kati ya hayo, acha kusafisha. Vivyo hivyo kama kuna mtu aliyekuwa akiingia kwenye kompyuta yako kwa mbali: huwezi kujua ameacha nini.

Kabla ya kuanza, toa nakala ya picha, video, hati na PDF. Usichukue .exe, usichukue shotikati, usichukue folda ya "programu zangu". Pia hakikisha una ufunguo wa BitLocker (kufuli la Windows linalofunga diski nzima), tarakimu 48, unaopatikana kwenye akaunti yako ya Microsoft kama diski imefungwa nao. Watu wamekwama mbele ya skrini ya buluu inayodai ufunguo huo, na hakuna fundi anayeweza kuukisia.

Njia rahisi ni "Reset this PC", kisha "Remove everything". Ukichagua kupakua Windows kutoka mtandaoni, andaa bando: inaweza kuvuka GB 4. Kama kuna diski D, chagua diski zote zifutwe, ukiwa na uhakika nakala yako iko nje ya mashine.

Kwa wenye Windows 10: msaada wake wa kawaida ulikwisha Oktoba 14, 2025. Kwa nyumbani kuna masasisho ya usalama ya ziada ya kujiandikisha mpaka Oktoba 13, 2026. Kama mashine inakubali Windows 11, hapa ndipo pa kuhamia.

Kirusi kimeondoka. Naweza kuendelea kama kawaida?

Bado. Jamii kubwa ya virusi vya sasa huitwa wezi wa taarifa. RedLine na Lumma ni majina mawili yanayojulikana. Huingia, huchukua manenosiri yote yaliyohifadhiwa kwenye kivinjari pamoja na vidakuzi vinavyomwonyesha Google au Facebook kwamba umeshaingia, na hutuma vyote nje kwa muda mfupi. Kukifuta baada ya hapo ni kumfungia mlango mwizi aliyeshaondoka na redio.

Kaa kwenye simu yako au kompyuta nyingine safi. Anza na barua pepe, kwa kuwa ndiyo inayofungua nyingine zote. Badilisha nenosiri, kisha chagua kutoka kwenye vifaa vyote, maana kidakuzi kilichoibwa kinaweza kuendelea kufanya kazi hata baada ya nenosiri kubadilika. Washa uthibitisho wa hatua mbili. Halafu benki, mitandao ya kijamii, na WhatsApp: angalia vifaa vilivyounganishwa na uondoe usivyovitambua. Usibadilishe manenosiri ukiwa kwenye kompyuta ambayo huna hakika nayo. Utakuwa unamtajia mwizi mapya.

Nilikutana na ukurasa wa "thibitisha wewe si roboti" ukaniambia nibonyeze Windows na R, halafu Ctrl na V, halafu Enter. Nilifanya. Kuna shida?

Ndiyo, na usisubiri. Ukurasa ulikunakilia amri kimya kimya, na wewe ukaiendesha. Zima intaneti sasa hivi, fanya uskani wa nje ya mtandao, na fuata jibu lililotangulia kuhusu manenosiri ukitumia kifaa kingine. Hakuna uthibitisho wa kweli wa tovuti unaotaka uguse kitufe cha Windows.

Faili zote zimebadilika mwisho wa jina na kuna ujumbe unaodai dola. Nilipe?

Tulia kwanza, na usifomati. Zinazofika sana majumbani ni za familia ya STOP, iitwayo pia Djvu, na huletwa hasa na kraki. Huacha faili la _readme.txt linalodai dola 980, au 490 ukilipa ndani ya saa 72. Ondoa intaneti, chomoa diski za nje, kisha nakili faili zilizofungwa pamoja na ujumbe huo mahali salama.

Nenda nomoreransom.org, mradi ulioanzishwa Julai 2016 na polisi wa Uholanzi, Europol, Kaspersky na kampuni iliyoitwa wakati huo Intel Security. Unapakia sampuli, unaambiwa ni ya familia gani na kama ufunguo upo, bila malipo. Kwa STOP, angalia namba ya utambulisho ndani ya ujumbe: ikiishia na t1, ufunguo uliotumika ni wa pamoja, na zana ya Emsisoft inaweza kukusaidia leo au siku ufunguo utakapopatikana. Isipoishia hivyo na toleo ni jipya, ufunguo ni wako peke yako na hakuna fundi aliye nao, hata akikuahidi. Bado video kubwa zinaweza kuokolewa kwa sehemu, kwa sababu STOP hufunga kilobaiti 150 hivi za mwanzo tu za faili. Tunza nakala. Kulipa hakukuhakikishii kitu, na fedha hiyo inagharamia shambulio linalofuata.

Nimeamua kumpelekea fundi. Nimwambie nini?

Mpe historia, kwa sababu ndiyo inayomwonyesha pa kuanzia. Tatizo lilianza siku gani, nini kilisakinishwa wiki hiyo, flashi ya nani ilichomekwa. Piga picha ujumbe wowote unaotokea, pamoja na jina la kirusi kama antivirasi ilivyoliandika. Jina hilo lina maana kubwa kwake.

Elewaneni bei kabla hajafungua, na mkubaliane kwa maneno yaliyo wazi: hafomati bila kukupigia simu. Toa nakala ya faili zako kabla ya kupeleka. Kwenye kivinjari, ondoka kwenye akaunti zako na ufute manenosiri yaliyohifadhiwa. Kaa naye kama unaweza. Fundi mzuri hachukizwi na mteja anayetazama, na atakueleza alichokuta na kilikojificha. Akikurudishia mashine na neno moja tu, "nimepiga Windows", muulize kirusi kilitokea wapi. Mlipe vizuri aliyekujibu swali hilo, hata kama ametumia saa chache.

Mama alipigiwa simu na mtu aliyesema ni wa Microsoft, akamwekea AnyDesk, programu ya kuongoza kompyuta kwa mbali. Tufanyeje?

Microsoft haipigi simu kukwambia una virusi, na maonyo yake halisi hayaandiki namba ya simu. Zima kompyuta, iondoe AnyDesk ukiwa umekata intaneti, badilisha manenosiri kwa simu, na mjulishe benki au kampuni ya simu mara moja kama aliingia kwenye akaunti yake yoyote wakati mtu huyo ameunganishwa. Usimgombeze mama. Wazee wengi huficha siku mbili tatu kwa aibu, na siku hizo ndizo mwizi anazozihitaji.

Naripoti wapi?

Fedha ikiwa imetoka, anza na huduma kwa wateja ya benki au ya mtandao wa simu, kwa kuwa dakika za mwanzo ndizo zinazoweza kuuzuia muamala. Kisha polisi: Tanzania kuna Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, Kenya kuna sheria ya matumizi mabaya ya kompyuta ya 2018. Kwa msaada wa kiufundi, Tanzania ipo TZ-CERT chini ya TCRA, na Kenya ipo KE-CIRT/CC chini ya Mamlaka ya Mawasiliano. Ujumbe wa matapeli kwenye simu, ukiwa Tanzania, unautuma namba 15040. Beba picha za skrini, tarehe na saa, namba iliyokupigia, na kumbukumbu ya muamala. Kompyuta yenyewe usiisafishe mpaka polisi wamekwambia hawaihitaji.